Maharagwe Yetu na Maadui wa Udongoni

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, na kupigwa chapa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hiyo



Yawezekana baadhi yenu mmeshangaa kuona Chama kimewaita leo si kwa habari ya mishahara wala ya saa za kazi, bali kwa habari ya maharagwe. Hatudhani kwamba tumepotea njia. Maharagwe ndiyo nyama ya mfanyakazi. Githeri anayopakua mwenzetu wa Murang'a, na ugali wa maharagwe anaokula mwenzetu wa Vihiga, vyote vyategemea mmea huu mdogo unaokaa shambani kama miezi mitatu tu. Wengi wetu tuna kipande cha shamba, ama nyuma ya laini tunamolala, ama nyumbani ambako mama watoto ndiye anayeshika jembe wakati sisi tuko kazini. Msimu maharagwe yakifa, hakuna tajiri anayetuongezea mshahara ili tununue mengine dukani.

Tena wako kati yetu ambao maharagwe ndiyo kazi yao yenyewe. Hao ni wale wanaopanda, wanaochuma na kupanga mishiri ya kupelekwa Ulaya, na wale wanaobeba pampu ya dawa mgongoni. Kwao mdudu wa udongoni ana maana mbili. Akishinda yeye, kazi hupungua. Na akipigwa kwa sumu ovyo ovyo, sumu hiyo huanza na mkono wa mfanyakazi kabla ya kumfikia mdudu.

Basi neno letu la leo ni hili. Mharagwe wenye njaa huuawa na mdudu ambaye mharagwe ulioshiba ungeweza kumvumilia. Na udongo una askari wake wenyewe, wadogo sana, ambao wanapigana upande wetu kama hatuwaui kwa mikono yetu. Kulisha udongo na kuwatunza askari hao ni kazi moja, si mbili.

Kabla ya kusema habari ya mbolea na dawa, twataka mjifunze kumtambua adui. Watu wengi wakiona mharagwe umegeuka manjano husema ni jua, au ni mvua nyingi, au ni jirani mwenye kijicho. Wengine hukimbilia duka la agroveti na kuuliza, "Nipe dawa ya maharagwe," kana kwamba maharagwe yana ugonjwa mmoja tu. Mwenye duka naye huuza kile alicho nacho. Fedha imekwenda, na mdudu yuko palepale.

Dawa ya kwanza ni jembe. Mmea ukinyauka usiung'oe kwa nguvu, maana mizizi itakatika na ushahidi utabaki chini. Uchimbue pamoja na donge lake la udongo, uoshe mizizi katika ndoo ya maji, kisha utazame polepole, kwanza shina pale lilipogusana na udongo, halafu mizizi.

Ukiona shina limevimba na kupasuka pale chini, lichane kwa ukucha. Ukikuta ndani ya ngozi ya shina vitu vidogo kama vipande vya punje ya mchele, vya rangi ya hudhurungi au vyeusi vinavyong'aa, huyo ni nzi wa maharagwe. Huyu ndiye adui mkubwa kuliko wote katika Kenya, na tutamrudia. Kama mche mchanga umelala chini asubuhi, umekatwa kama kwa kisu, fukua kwa kidole udongo ulio karibu nao. Utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya kijivu aliyejikunja. Huyo ni sota. Mchana hulala udongoni, usiku hutoka kukata. Kama mizizi imetafunwa na umekuta funza mweupe, mnene, mwenye kichwa cha rangi ya kahawia, huyo ni mtoto wa mbawakawa, na mara nyingi tumemleta sisi wenyewe ndani ya samadi mbichi, au alikuwamo katika majani ya ng'ombe tuliyoyavunja juzi tu na kupanda bila kungoja. Na kama mizizi imekuwa myeusi au ya kahawia, na ganda lake lateleza vidoleni kama soksi iliyolowa, huo si mdudu kabisa bali ni ugonjwa wa kuoza mizizi, unaoletwa na kuvu wa udongoni.

Liko jambo moja ambalo huwadanganya hata wakulima wa siku nyingi. Mizizi ya maharagwe huwa na vinundu. Vinundu vingine ni rafiki zetu na vingine ni adui, nasi tumewaona watu wakitupa mimea mizuri kwa kuwachanganya hao wawili. Kinundu cha rafiki kimebandikwa kando ya mzizi. Ukikisukuma kwa kidole chatoka, na ukikikata katikati ni chekundu chekundu au cha waridi. Ndani yake wanakaa vijidudu viitwavyo rizobia, ambao huchukua naitrojeni katika hewa na kuilisha mmea bure. Fundo la adui ni mzizi wenyewe uliovimba, hulisukumi likatoka. Hilo limefanywa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, iitwayo minyoo fundo. Mwenye vinundu vya waridi amshukuru Mungu na aendelee kupalilia. Mwenye mafundo yasiyotoka asipande tena maharagwe mahali pale msimu ujao.

Sasa turudi kwa nzi wa maharagwe. Ni nzi mdogo mweusi anayeng'aa, urefu wake kama milimita 2, na ukimwona juu ya jani huwezi kudhani kwamba aweza kumaliza shamba. Huja mapema, maharagwe yakiwa na majani mawili ya kwanza tu. Hutaga mayai katika jani au katika shina changa, na funza akitoka hutambaa ndani kwa ndani, chini ya ngozi ya shina, mpaka afike usawa wa udongo. Hapo hula, na hapo hugeuka kuwa nzi mwingine. Chakula kinachotoka majanini kwenda mizizini hukatwa njiani. Mmea huwa manjano, hudumaa, na ukiwa mchanga hufa katika wiki mbili au tatu. Katika msimu mbaya, shamba lililopandwa kwa kuchelewa laweza kuangamia lote.

Angalieni maneno hayo: lililopandwa kwa kuchelewa. Nzi hawa huongezeka kadiri msimu unavyokwenda, kizazi juu ya kizazi. Yule aliyepanda mvua zilipoanza, maharagwe yake yamekwisha kukaza shina wakati nzi wamekuwa wengi. Yule aliyengoja wiki tatu anawapandia nzi chakula. Twajua sababu ya wengi wetu kuchelewa. Hatuna ruhusa ya kwenda nyumbani mvua ya kwanza inaponyesha, au mbegu hatujanunua kwa kuwa mshahara haujatoka. Kwa hiyo yafaa mbegu ziwekwe tayari nyumbani mwezi mmoja kabla, hata kama ni kwa kukopeshana katika kikundi, ili anayebaki shambani asingojee fedha kutoka mjini.

Jambo la pili halina gharama yoyote ila jasho. Wiki mbili au tatu baada ya maharagwe kuota, wakati wa palizi ya kwanza, inulia udongo kwenye shina mpaka ufunike mahali pale palipovimba. Mharagwe una tabia nzuri: shina lake likifunikwa na udongo wenye unyevu hutoa mizizi mipya juu ya kidonda. Funza amekata njia ya chini, mmea umefungua njia ya juu. Wengi wanaopalilia hufanya kinyume, huukwangua udongo kutoka kwenye shina ili shamba lionekane safi. Usafi wa namna hiyo ni hasara.

Lakini mizizi hiyo mipya yahitaji chakula, na hapa ndipo mbolea inapoingia. Wengi hudhani kwamba mbolea ni ya kunenepesha mmea tu na dawa ni ya kuua mdudu, na kwamba vitu hivyo viwili havijuani. Sivyo. Maharagwe yaliyopandwa katika udongo uliochoka hutoa mizizi michache na myembamba. Funza mmoja akiingia, yamekwisha. Maharagwe yaliyopata samadi na fosfeti hutoa mizizi mingi na shina nene. Funza yuleyule huingia, hula, na mmea huendelea kuzaa. Mbolea haimwui nzi, ila yaunyima ushambulizi wake nguvu.

Samadi iwe imeoza vizuri. Samadi mbichi yenye moto huunguza mbegu, na twamkumbuka yule funza mweupe anayependa kusafiri ndani yake. Iwekeni chunguni, yaani katika shimo au lundo lililofunikwa, mkaigeuze geuze mpaka iwe nyeusi, isiyo na harufu ya mavi, iliyopoa mkononi. Kuku waachwe waparure lundo hilo kabla halijaenda shambani. Watakula funza wengi kuliko dawa yoyote tunayoweza kununua.

Kwa mbolea ya dukani, maharagwe hupandwa na DAP, ambayo katika kila kilo 100 ina kilo 18 za naitrojeni na kilo 46 za fosfeti. Kipimo cha kawaida ni gunia moja la kilo 50 kwa eka. Lakini nani kati yetu ana eka nzima ya maharagwe? Kwa hiyo tumeipiga hesabu kwa kipande kidogo. Mistari ikiwa nusu mita kutoka mmoja hadi mwingine, gunia hilo huwa kama gramu 6 kwa kila mita ya mfereji, yaani kifuniko kimoja cha soda kwa mita moja. Kipande cha mita 10 kwa mita 10 chahitaji kilo moja na robo tu. Itieni mferejini, muifunike kwa udongo kidogo, kisha ndipo muweke mbegu juu yake. Mbegu ikilala juu ya mbolea yenyewe itaungua, nawe utasema mbegu ilikuwa mbovu.

Tena yako maonyo mawili. La kwanza, msiyamwagie maharagwe mbolea ya naitrojeni nyingi kama yale mahindi. Yatakuwa na majani mengi laini, na wale rizobia wa vinundu vya waridi wataacha kazi, kama mfanyakazi yeyote anavyoacha kazi akiona kwamba imekwisha kufanywa na mwingine. La pili, DAP msimu baada ya msimu hufanya udongo kuwa mchachu. Nchi ya magharibi, Kakamega, Vihiga na Kisii, ina sehemu nyingi zenye uchachu tayari, na katika udongo mchachu mizizi ya maharagwe hudumaa na rizobia hawakai. Hapo chokaa ya kilimo ni ya lazima kuliko gunia la pili la mbolea. Udongo waweza kupimwa na KALRO, ambayo zamani iliitwa KARI; kikundi cha jirani kumi wakichanga, gharama haimwumizi mtu mmoja. Na kila anunuaye mbolea aweke risiti na gunia lake tupu mpaka avune. Mwaka 2024 ilitokea katika nchi hii kwamba wakulima waliuziwa magunia ya mbolea bandia, na mwenye risiti ndiye aliyekuwa na la kusema.

Hatari ya udongo uliochoka tuliiona waziwazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Huko Kakamega na Vihiga maharagwe yalianza kuoza mizizi, shamba kwa shamba, mpaka familia nyingi zikaacha kuyapanda. Sababu haikuwa laana. Mashamba yalikuwa yamegawanywa mpaka yakawa madogo sana, maharagwe yalipandwa mahali palepale kila msimu bila kupumzisha, na udongo haukurudishiwa kitu. Kuvu wa kuozesha mizizi alipata karamu isiyokwisha. Wataalamu wa kituo cha Kakamega walitoa mbegu zinazostahimili, kama KK8 na KK15. KK8 ina madoa mekundu na hupendwa sokoni. KK15 ni nyeusi, na wanunuzi wengi huikunjia uso, ingawa tumboni haina ubaguzi. Lakini mbegu peke yake haikuwa jibu lote. Ilionekana kwamba majani mabichi yakichimbiwa ardhini kabla ya kupanda, kama majani ya tithonia, yale maua ya manjano machungu yanayoota kando ya barabara, ugonjwa hupungua na mavuno hupanda. Majani hayo huulisha mmea, tena huwalisha vijidudu wema wa udongoni wanaompinga yule kuvu mbaya.

Hivyo tumefika kwa askari wenyewe.

Wa kwanza ni nyigu. Si yule nyigu wa dari anayeuma watoto, bali nyigu mdogo kama chungu mdogo, ambaye hutaga yai lake ndani ya funza wa nzi wa maharagwe. Mtoto wa nyigu humla funza, na kutoka katika ganda alimotazamiwa kutoka nzi hutoka nyigu mwingine. Nyigu hawa ni wenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1968 nzi wa maharagwe alionekana katika visiwa vya Hawaii, ambako hakuwa na adui. Mwaka 1969 wataalamu wa huko walikuja Uganda, wakachukua aina mbili za nyigu hawa, wakaenda kuwafungulia katika mashamba yao. Watu wamevuka bahari kuja kutafuta askari ambaye sisi tunaye bure nyuma ya nyumba, nasi tunamwua kwa kupiga dawa juu ya majani kila wiki! Dawa hiyo humwua nyigu anayeruka, lakini funza aliye ndani ya shina mara nyingi hafikiwi. Wiki chache baadaye nzi wamerudi, na nyigu hayupo.

Wa pili ni kuvu wema. Yuko mmoja aitwaye trikoderma. Huyu hukaa juu ya mzizi na kuuzunguka, na akikutana na kuvu wa kuozesha humzingira na kumla. Siku hizi hutengenezwa na kuuzwa kama unga au maji, na hapa Kenya ziko nyumba zinazomkuza, huko Thika na Naivasha. Mwingine ni metariziamu, ambaye hushambulia wadudu. Mbegu yake hunata juu ya ngozi ya mdudu, hutoboa na kuingia, na baada ya siku kadhaa mdudu hufa na mara nyingi mwili wake huota ukungu wa kijani. Kituo cha ICIPE cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ndicho kilichochagua baadhi ya aina zinazouzwa leo. Hutumika juu ya thiripsi, wale wadudu wembamba wanaokwaruza maua ya mishiri, kwa kuwa hao nao hushuka udongoni kabla ya kuwa wakubwa.

Wako pia minyoo wema, ndugu wa mbali wa wale minyoo fundo, ambao huingia ndani ya sota na funza weupe na kuwaua. Mashamba makubwa huwatumia. Kwa kipande cha nyuma ya laini bei yao haistahili. Kuku mmoja mwenye vifaranga afaa zaidi, akiachiwa shamba wiki moja kati ya kulima na kupanda.

Wanaonunua viumbe hawa lazima wajue kwamba wananunua kitu chenye uhai. Chupa iliyokaa dirishani juani imejaa maiti. Tazameni tarehe, wekeni mahali pa baridi, tieni jioni au siku ya mawingu katika udongo wenye unyevu, na msichanganye trikoderma na dawa ya kuua kuvu katika pampu moja, maana hiyo haichagui kuvu. Njia nafuu ni kuichanganya na samadi iliyooza, kuifunika kivulini ikiwa na unyevu wiki moja hivi, kisha kuitia mferejini. Tena ni mlinzi, si mganga. Mmea uliokwisha kuoza haufufui. Mlinzi huwekwa mlangoni kabla mwizi hajaja.

Kwa rizobia ni vivyo hivyo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kazi ya kuwakuza miaka mingi iliyopita, nao huuzwa katika pakiti kwa jina la Biofix. Mbegu hupakwa kivulini na kupandwa siku ileile, wala zisigusane na mbolea ya chumvi wala dawa.

Minyoo fundo hawana dawa ya haraka iliyo salama. Wao hushindwa kwa njaa. Wenzetu wa Mwea hupanda mishiri, kisha nyanya, kisha mishiri tena, na minyoo hufurahia yote mawili. Mahindi nayo siyo mapumziko ya kutosha, kwa sababu baadhi ya minyoo hao hukaa hata kwenye mahindi. Vitunguu ni afadhali. Na liko lile gugu lenye harufu kali ambalo Wakikuyu huliita mubangi. Mizizi yake huwachukiza minyoo wengi wa aina hiyo. Penye mwarobaini, mashudu ya mbegu zake yakichimbiwa ardhini husaidia pia.

Sasa ndugu, tuseme habari ya sumu, maana hapa Chama hakiwezi kunyamaza. Kwa miaka mingi dawa ya wadudu wa udongoni ilikuwa punje zilizotiwa mferejini pamoja na mbegu. Iliyojulikana zaidi ni kabofurani, iliyouzwa kwa jina la Furadan. Wenye umri wanaikumbuka: ilimwagwa kwa mkono mtupu, kutoka katika kopo, na baadaye mikono hiyohiyo ilishika chapati. Shirika la Afya la Ulimwengu limeiweka katika daraja la sumu zenye hatari kubwa. Mwaka 2009, baada ya kujulikana kwamba watu walikuwa wakiitumia kuwaua simba, kampuni iliyoitengeneza iliirudisha kutoka madukani Kenya. Mwaka 2017 iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ya dawa ambazo nchi lazima ziulizwe kwanza kabla hazijapelekewa. Twaona uchungu kidogo kusema kwamba simba walipata msemaji mapema kuliko waliokuwa wakiimwaga.

Na sumu haiishii mkononi. Kuanzia Januari 2013 nchi za Ulaya zilianza kupima sehemu moja katika kila kumi ya shehena za maharagwe mabichi na njegere kutoka Kenya, kwa kuwa yalikutwa yana mabaki ya dawa kupita kiasi; iliyotajwa sana ni dimethoeti. Wanunuzi waliogopa, wakulima wadogo wengi wakaachwa, na mahali ambapo mishiri haipandwi hapana wa kuichuma. Aliyepiga dawa hakuwa ameichagua yeye. Alipewa pampu akaambiwa piga.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Yasema pia kwamba anayefanya kazi na vitu vya kudhuru apewe mavazi ya kumlinda yanayofaa. Gambuti moja ya watu wawili si mavazi yanayofaa. Twataka wajumbe wetu katika kamati hizo waulize maswali matatu kila msimu: ni dawa gani inatiwa udongoni, kwa mdudu gani aliyeonekana, na kwa nini viumbe hai na samadi havikujaribiwa kwanza. Shamba kubwa lenye meneja, stoo yenye baridi na fedha za kununua haliwezi kutoa udhuru anaoutoa mwenye kipande cha mita kumi. Hata hivyo msidhani kwamba kilicho hai hakihitaji tahadhari. Unga wa kuvu ukivutwa puani huweza kusumbua kifua, na anayeuchanganya apewe kitambaa cha pua na glavu kama mwingine yeyote.

Kwa sisi wenye vipande vidogo, hatutaki mtu aondoke hapa akanunue kila kitu tulichokitaja. Kupanda mapema, samadi iliyooza, kifuniko cha DAP kwa mita, kuinua udongo kwenye shina, na kubadilisha mahali: hayo kwanza. Chupa ya trikoderma ije baadaye, kwa yule ambaye mizizi yake imeoza misimu miwili. Anayetaka kuhakikisha, agawe kipande chake mara mbili, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Upande mmoja afanye kama zamani, upande wa pili atie samadi na kuinua udongo. Wiki ya nne ahesabu mimea iliyokufa kila upande, na siku ya kuvuna apime kwa gorogoro moja, si kwa macho.

Matawi yatakayofanya jaribio hilo mvua ijayo yaandike majina kwa karani kabla ya mwisho wa mwezi. Kila tawi litachagua watu wawili wa kuhesabu, mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na mimea hiyo kila siku. Hesabu ziletwe kwa karani zikiwa na jina la mahali, aina ya mbegu na siku ya kupanda. Tutazipiga chapa katika gazeti hili zote, zilizofaulu na zisizofaulu. Sasa mwenye swali aulize.